Neo Geo MVS imegoma: kutoka dalili hadi chanzo

Bodi nyingi za Neo Geo MVS zinazouzwa kwa maneno "mbovu, ya vipuri tu" hazijafa. Zimekatika njia moja ya shaba, au zinapata umeme pungufu, au kaseti yake haijasafishwa kwa miaka ishirini. Ninaandika haya kwa sababu nimeona watu wakianza matengenezo kwa kung'oa chipu, na chipu ikishang'olewa vibaya bodi iliyokuwa na ugonjwa mmoja inakuwa na magonjwa matatu.

Kwa asiyeifahamu: kampuni ya SNK ya Osaka iliitoa MVS mwaka 1990 kwa ajili ya kumbi za gemu. Uzuri wake ni kwamba mwenye ukumbi hakulazimika kununua bodi nzima kila gemu mpya ikitoka. Alichomoa kaseti, akachomeka nyingine. Kuna bodi za kaseti moja, mbili, nne na hata sita, na gemu mpya ziliendelea kutoka hadi Samurai Shodown V Special ya mwaka 2004. Ndani kuna bongo mbili. Motorola 68000 ya MHz 12 inaendesha gemu yenyewe, na Z80 ya MHz 4 inasimamia sauti pamoja na chipu ya Yamaha YM2610. Kazi ya kwanza ya fundi ni kujua ni ubongo upi umenyamaza.

Kabla ya kuwasha chochote: betri

Tafuta betri kwenye bodi. Katika MVS nyingi ni ya nikeli-kadimiamu, volti 3.6, imelehemiwa moja kwa moja. Kama bado ipo, itoe leo, hata kama gemu inacheza vizuri. Betri hizi zimezeeka zote, na zikizeeka zinavuja alkali inayokula shaba. Alkali hiyo haitulii ilipodondokea. Inatambaa chini ya rangi ya kijani ya bodi, inaingia kwenye matundu madogo yanayounganisha upande wa juu na wa chini, na miezi baadaye unaona hitilafu sentimita kadhaa kutoka betri ilipokuwa.

Hofu ya watu wengi ni kwamba ukitoa betri gemu itakufa. Hofu hiyo inatoka kwenye CPS-2, bodi ya gemu ya Capcom, na kule ni ya kweli: betri ya CPS-2 inashikilia funguo za kufumbua programu, ikiisha chaji gemu haifunguki tena mpaka funguo zirudishwe. MVS haiko hivyo. Betri yake inatunza mipangilio, rekodi za alama, hesabu za sarafu na kalenda, basi. Bila betri gemu inacheza, ila ukizima unapoteza rekodi.

Ukitaka kuirudisha, wengi wanatumia betri ya kidonge ya CR2032 kwenye kishikio chake. Hapo zingatia jambo moja: bodi imejengwa kuchaji betri, na CR2032 haitakiwi kuchajiwa hata kidogo. Ondoa rezista inayopeleka chaji, au weka dayodi inayoruhusu umeme kutoka kwenye betri tu na kuzuia usirudi. Usiruke hatua hii. Betri ya kidonge inayolazimishwa chaji inaweza kupasuka.

Palipovuja, paka siki nyeupe kwa mswaki laini, iache dakika chache ipambane na alkali, suuza kwa maji safi yasiyo na chumvi, kisha malizia na spiriti na uache bodi ikauke kabisa. Usidanganywe na bodi kung'aa. Chukua lenzi, fuata kila njia iliyopita eneo lile, na panapoonekana peusi au pa kijani kwangua mpaka uione shaba. Kama hakuna shaba, njia imekatika na itahitaji waya mwembamba.

Haiwaki, au inawaka na kujianzisha upya

Pima volti 5 kwenye bodi yenyewe, si kwenye saplai. Hili nalisisitiza kwa sababu saplai inaweza kusoma 5.0 huku bodi ikipata 4.7, tofauti ikiwa imeishia kwenye waya mwembamba au kwenye meno yaliyochakaa ya JAMMA, kiunganishi cha kawaida cha bodi za kumbi za gemu. Kwenye kiunganishi cha JAMMA, volti 5 inaingia pini 3, 4, C na D, na graundi iko pini 1, 2, A na B. Mimi hulenga kati ya 5.0 na 5.1 bodi ikiwa inafanya kazi, kaseti ikiwa ndani. Ikishuka chini ya 4.8, usiendelee na uchunguzi mwingine wowote: kila kosa utakaloliona linaweza kuwa la uongo.

Kuhusu skrini nyeusi huku sauti ya gemu ikisikika: kabla hujailaumu bodi, jiulize unatumia skrini gani. MVS inatoa picha kwa takriban kHz 15.6 na fremu 59.18 kwa sekunde. Monita nyingi za kompyuta hazipokei kasi hiyo, na baadhi ya vigeuzi vya HDMI vinaikataa. Ijaribu kwenye televisheni ya zamani yenye ingizo la RGB, au kwa kigeuzi kilichotengenezwa kwa ajili ya gemu za zamani.

Picha ya takataka iliyotulia, na sauti ya tik-tik-tik

Hii ndiyo dalili inayowatisha watu zaidi, na inaeleweka ukijua inatoka wapi. Bodi ina mlinzi: saa ndogo ambayo 68000 lazima aiguse kila mara, ndani ya kama milisekunde 130. Asipoigusa, mlinzi anaamini ubongo umepotea na anaianzisha bodi upya. Kila mara anapoianzisha, spika inatoa mlio mfupi. Kwa hiyo tik-tik-tik ni habari njema nusu: umeme upo na mlinzi anafanya kazi yake. Asiyeamka ni 68000.

Toa kaseti zote, uwashe tena. Tik-tik ikikoma, tatizo liko kwenye kaseti au kwenye nafasi yake, na utaruka sehemu hii yote. Ikiendelea, tatizo liko kwenye bodi. Sasa angalia BIOS, chipu yenye programu ya kuiwashia bodi. Katika bodi nyingi imekaa kwenye soketi, na miguu iliyofanya kutu ndani ya soketi ni chanzo cha kawaida kuliko BIOS yenyewe kufa. Itoe taratibu kwa kuinua upande huu kidogo na upande ule kidogo, isafishe miguu, irudishe ukiwa umehakikisha alama ya nusu duara imeelekea ilikokuwa.

Haijasaidia? Pima mguu wa 18 wa 68000, ambao ndio wa kuianzisha upya. Ukiuona unapanda na kushuka pamoja na tik-tik, mlinzi ndiye anaushusha. Ukiwa chini muda wote, ubongo haujaruhusiwa hata kuanza, na hapo chunguza saketi ya kuanzisha na mkondo wa saa kwenye mguu wa 15. Baada ya hapo ni kazi ya subira: kufuata njia za data na anwani kati ya BIOS na 68000 moja moja kwa mita inayolia. Kumi na sita za data, kisha za anwani. Inachukua jioni nzima, lakini mara nyingi ndipo unapoikuta njia iliyoliwa na betri.

Kwa anayetengeneza zaidi ya bodi moja, inafaa kuwa na BIOS ya uchunguzi. Ziko zinazotolewa bure na wapenzi wa mashine hii. Unaichoma kwenye EPROM (chipu ya kumbukumbu inayoandikwa kwa kifaa maalumu) ya 27C1024, unaiweka mahali pa BIOS ya kawaida, na inakagua kumbukumbu zote kwa undani kuliko BIOS ya SNK.

Skrini inaandika RAM ERROR

Ukifika hapa, furahi. Bodi inaongea nawe. BIOS ya MVS inakagua kumbukumbu zake kila inapowashwa, na ikikuta kosa inaonyesha anwani, ilichoandika na ilichosoma. Watu wengi wanasoma maneno WORK RAM ERROR au BACKUP RAM ERROR tu, wanaagiza chipu. Zile namba zilizo chini yake ndizo zenye jibu.

Nilipata bodi ya kaseti moja iliyovujiwa na betri, ikaandika BACKUP RAM ERROR kwa anwani D00000: WRITE 5555, READ 5557. Tuisome pamoja. Namba hizi ni za heksadesimali, kila tarakimu inasimamia biti nne. Tarakimu tatu za kwanza zimerudi sawa. Ya mwisho imeandikwa 5, yaani 0101, imesomwa 7, yaani 0111. Biti moja tu imekosewa, ya pili kutoka kulia, inayoitwa D1, na imesomwa 1 badala ya 0. Kumbukumbu hii ina chipu mbili za aina ya 62256: moja inabeba tarakimu mbili za kushoto, nyingine mbili za kulia. Kosa liko kulia, kwa hiyo chipu ya kushoto ni nzima na sina sababu ya kuigusa.

Kwenye 62256, D1 iko mguu wa 12. Kwenye 68000, D1 iko mguu wa 4. Nikaweka ncha moja ya mita huku, nyingine kule. Kimya. Nikafuata njia kwa lenzi mpaka nikakuta tundu moja la kupitishia, dogo kuliko kichwa cha sindano, limekuwa jeusi kama limeungua. Juu yake rangi ya kijani ilikuwa nzima kabisa. Nyuzi moja ya waya, matone mawili ya risasi, na bodi ikawaka. Chipu ambayo ningeinunua ilikuwa nzima muda wote.

Ingekuwa READ 55FF, yaani upande wote wa kulia umepotea, ningefikiri tofauti. Biti nane hazikatiki zote kwa pamoja. Hapo chipu yenyewe haijaitwa: tafuta mguu wa 20 wa kuichagua, wa 22 wa kusoma na wa 27 wa kuandika, pamoja na chipu ndogo za mantiki zilizo jirani na betri. Na kama biti moja inakosewa wakati njia zote zinalia sawasawa kwenye mita, basi sasa una haki ya kushuku RAM.

Anwani nazo zinakupeleka mahali. Inayoanzia 100000 ni kumbukumbu ya kazi, D00000 ni ile ya betri, 400000 ni ya rangi. Kumbukumbu ya picha ina hesabu yake: chini ya 8000 ni chipu mbili kubwa zinazotunza ni kigae gani kiwekwe wapi, na kuanzia 8000 ni chipu mbili ndogo zenye kasi, zinazotunza mahali na ukubwa wa kila kipande cha picha.

CALENDAR ERROR ni ndogo. Ni chipu ya kalenda ya D4990 au kristali yake ya 32.768 kHz, na mara nyingi ni betri tena, kwa sababu vinakaa karibu.

Gridi ya mistari badala ya gemu

Skrini imejaa mistari iliyokatizana kama daftari la hesabu, na hakuna kingine. Bodi ni nzima, haijaiona kaseti. Kaseti ya MVS ina bodi mbili ndani: moja inaitwa PROG, ina programu ya 68000 na sauti zilizorekodiwa, nyingine inaitwa CHA, ina picha, maandishi na programu ya Z80. Gridi inatokea upande wa PROG usiposomeka.

Safisha meno ya kaseti kwa raba laini ya penseli, kisha pamba yenye spiriti mpaka pamba itoke nyeupe. Usitumie msasa kamwe, unaondoa tabaka la dhahabu na kutu itarudi kwa kasi zaidi. Kwenye nafasi ya kaseti, funga kitambaa kisichotoa nyuzi kwenye kadi ngumu, kilowe spiriti, kiingize na kukitoa mara kadhaa. Sisi tunaoishi karibu na bahari tunarudia kazi hii mara nyingi, maana hewa ya chumvi haina huruma na chuma. Wala usichomoe au kuchomeka kaseti umeme ukiwaka.

Z80 ERROR, au gemu bubu

68000 anamtumia Z80 ujumbe na kusubiri jibu. Jibu lisipokuja, unaona Z80 ERROR. Programu ya Z80 iko kwenye bodi ya CHA, kwa hiyo safisha upande huo kwanza, jaribu kaseti nyingine pili, na chipu iwe ya mwisho. Z80 yenyewe pima umeme mguu wa 11, saa mguu wa 6, na mguu wa 26 usiwe umeshikiliwa chini.

Kama hakuna kosa lolote kwenye skrini lakini kimya, angalia kitufe cha sauti kwenye bodi na volti 12 kwenye pini 6 na F za JAMMA, kwa kuwa kikuza sauti kinaitegemea. Muziki upo lakini ngoma na sauti za wahusika hazipo? Hizo ni sauti zilizorekodiwa, ziko kwenye bodi ya PROG. Rudi kwenye raba na spiriti.

Picha imeharibika, gemu inaendelea

Hapa ujuzi wa namna mashine inavyochora unakuokolea siku nyingi. Neo Geo haina tabaka la mandhari. Kila unachokiona, mpiganaji, mti, jengo la nyuma, ni vipande vya wima vyenye upana wa pikseli 16 vilivyopangwa ubavuni kwa ubavu. Juu yake kuna tabaka moja tu lisilotembea, la maandishi na alama, lenye vigae vya pikseli 8 kwa 8. Picha zinatoka kwenye ROM (chipu za kusomwa tu) za C, maandishi kwenye ROM ya S.

Basi linganisha. Maandishi safi, picha chafu: fuata njia ya C. Picha safi, maandishi chafu: fuata S. Vyote vichafu: tafuta kinachotumiwa na vyote viwili, yaani chipu ya NEO-B1, kumbukumbu ya rangi, au njia ya pamoja ya anwani.

Uchafu nao una sura. Mstari mwembamba wa wima unaojirudia kila baada ya pikseli nane ni biti moja ya data iliyokatika, kwa sababu kwenye ROM za C baiti moja inabeba pikseli nane zilizofuatana, na biti moja ikikosekana inakosekana mahali palepale kila mara. Vigae vizima visivyo vyake, mkono mahali pa kichwa, ni anwani. Umbo sahihi lakini rangi za ajabu kwenye picha tu: ROM za C zinafanya kazi kwa jozi, moja ikiwa na nusu ya biti za rangi, nyingine nusu iliyobaki, na mmoja wa jozi hasomeki. Mpiganaji aliyekatika vipande vya wima, kila kipande kimepanda au kushuka peke yake, huyo anakurudisha kwenye zile chipu mbili ndogo za kumbukumbu ya picha.

Gemu za kuanzia The King of Fighters '99 zina picha zilizofichwa kwa msimbo na chipu maalumu ndani ya kaseti. Kwenye hizo, mguso mbaya unaweza kugeuza picha nzima kuwa vumbi, kwa hiyo kabla ya kuhukumu bodi, jaribu kaseti ya zamani, kama Fatal Fury ya 1991.

Rangi moja imepotea kabisa, nyekundu tuseme, kwenye gemu zote na hata kwenye menyu ya majaribio? Anza na waya: nyekundu ni pini 12 ya JAMMA, kijani N, bluu 13. Badilishana waya wa nyekundu na wa kijani kwenye kiunganishi cha JAMMA. Nyekundu ikiendelea kukosekana kwenye skrini, kosa liko kwenye waya au monita. Kijani kikikosekana badala yake, fuata rezista za nyekundu kwenye bodi.

Imeganda, au vitufe havisikii

Kabla ya kufungua chochote tazama zile swichi ndogo nane. Ya 8 inagandisha gemu kwa makusudi. Ya 3 inaiambia bodi kwamba kuna kidhibiti cha mahjong, na fimbo ya kawaida inaacha kueleweka. Ya 7 ni kucheza bila sarafu. Ya 1 inafungua menyu ya majaribio, na humo kuna ukurasa unaoonyesha kila kitufe unachobonyeza, njia ya haraka ya kujua kama kosa ni la kitufe au la bodi.

Na kama malalamiko ni kwamba Metal Slug 2 inasuasua maadui wakijaa kwenye skrini, funga kasha lako. Gemu hiyo ya 1998 inasuasua hata kwenye bodi mpya kabisa, chanzo kiko kwenye programu yake. SNK yenyewe iliifanyia kazi upya ikaitoa kama Metal Slug X mwaka 1999. Weka hiyo; ikikimbia vizuri, bodi yako haina ugonjwa.